Kiti cha Kulia

Kinazimika, alisema Bwana Pruitt,
halafu kinawaka chenyewe,
kama mtu aliyesinzia kanisani.
Lini? Siku yoyote. Wapi? Popote.
Nikaandika daftarini: popote.
Nikajua nimepata kazi.

Kilichokufa kabisa hakinisumbui:
unakipasua, unakuta kilichokiua.
Hiki cha kufa na kufufuka ndicho hunizeesha.
Mbele ya fundi kizima, kinateleza kama paka aliyeshiba;
fundi akigeuza mgongo, kimya.

Peachtree City, Georgia, mwezi wa nane.
Huku watu huenda dukani, shuleni, hata kung'olewa jino
kwa vigari vya gofu,
kwenye vijia vya lami chini ya misonobari,
na nyenje hawanyamazi.

Nikaanzia panapoanziwa. Betri sita, volti nane kila moja.
Nikazipima zimepumzika, nikazipima zikivuta mzigo,
maana betri ni shahidi:
akiwa ameketi husema lolote,
mtwike gunia ndipo umwulize.
Zote sita zilisema kweli.
Nikasugua vichwa vyake kwa magadi,
ukungu wa kijani ukatoa povu.
Solenoidi: nikakanyaga, ta. Nikaachia, ta.
Mara hamsini, ta, ta, mwanafunzi mtiifu.
Swichi ya ufunguo. Swichi ya mbele na nyuma.
Ile ndogo iliyojibanza chini ya kikanyagio.
Nikatikisa waya mmoja mmoja
kama mzazi anayeamsha watoto wa shule.

Siku tatu nikakiendesha mwenyewe:
ziwani, kwenye handaki,
juu ya kilima cha maktaba ambapo vigari vyote huungama.
Hakikuzimika.
Nikamrudishia, sikumtoza senti.
Jumatano simu ikalia.

Kilizimikia wapi hasa?
Karibu na kanisa, akasema, tukirudi.
Tukirudi.
Alisema kwa Kiingereza chake cha polepole,
lakini kichwani mwangu ikagonga *tu*,
silabi ambayo kwetu ikitangulia ni sisi,
ikija mwisho ni upweke mtupu.
Ulikuwa na nani, Bwana Pruitt?

Rubani mstaafu, miaka thelathini na mmoja angani,
uso ukamwiva kama mvulana aliyekutwa na embe la jirani.
Bibi Odessa Tolliver, akasema. Wa kwaya.
Magoti yanamsumbua. Namsogeza tu.
(Tu, tena.)
Mkewe alizikwa majira ya kuchipua ya mwaka juzi.
Binti yake wa Denver hajui lolote.
Mficha maradhi, nikaanza,
nikakomea hapo: mtu wa miaka themanini na mmoja
humalizii methali ile.

Nikamwomba aketi kulia. Nikashika usukani.
Kwenye mzizi uliopasua lami, tukaruka kidogo,
na kigari kikafa.
Sijawahi kufurahia kifo namna ile.

Nikainua kiti. Kebo ya upande wa kulia
ilipita juu ya ukingo wa fremu, mahali isipostahili;
kila aliyeketi aliikalia.
Nje ngozi nyeusi, nzima, inang'aa.
Nikaichana kwa kisu:
shaba imegeuka unga wa kijani,
nyuzi nne, labda tano, bado zimeshikana mikono.
Akiwa peke yake, zilimfikisha.
Wakiwa wawili, ziliachana.

Nikafunga mpya, nene, nikaipitisha pembeni,
nikakaza nati bila kuzidisha.
Akauliza kama sasa itahimili.
Itahimili, nikamwambia, hata akija na mkoba wake.
Akacheka akitazama misonobari.

Ankara huenda Denver, binti ndiye mlipaji,
naye husoma kila mstari.
Nikaandika: kebo moja, nati mbili, saa moja ya kazi.
Sababu ya hitilafu:
nikatafuna kalamu kidogo.
Uzee wa waya.