Tano Nini?

Saa tano usiku, Kutaisi. Theluji imegoma kuanguka,
na karatasi thelathini na moja za fizikia
zimekalia meza ya jikoni kama wageni wasioaga.
Mwongozo wa wizara unasema: jibu bila kizio, kata nusu alama.
Umesema, ukanyamaza.

Hii ya Lasha. Hesabu zake zimenyooka,
kila hatua imeshika mkono wa mwenzake,
halafu mwishoni, kavu: 12.
Kumi na mbili nini, mwanangu?
Nyutoni? Mbuzi? Siku za likizo?

Ya Tsotne ina vizio, tena kwa wino mzito:
treni ya Batumi inakwenda kilo themanini.
Nimecheka peke yangu, nikaweka kalamu chini.
Nani amekosa zaidi, aliyesahau
au aliyekumbuka kisichokuwepo?

Zamani nilikuwa mkali. Mwalimu wangu Vazha
alinipa sifuri kwa sentimita niliyoisahau,
nami nikaapa kulipiza kizazi hadi kizazi.
Kisha nikalainika. Umri, labda.
Nikawa nasema: si ameelewa?

Mlangoni mwa friji kuna kikaratasi cha muuguzi,
dawa mpya ya shangazi Pupi:
"Mpe 5 kabla ya kulala."
Chupa ina kijiko, ina kidude cha kudondoshea,
ina mistari ya mililita.
Shangazi amekaa kitandani, mdomo wazi kama kinda.
Tano nini?

Nimepiga simu mara nne. Ya tano akapokea,
sauti imejaa usingizi: "Matone, mwalimu. Si iko wazi?"
Mwalimu.
Ndipo nilipomjua. Khatuna, dawati la tatu, mwaka wa mafuriko,
mwandiko uleule wa mviringo,
niliyekuwa nikimwachia, nikimwachia.

Nimehesabu matone. Shangazi amelala.
Nimerudi kwa Lasha na kalamu nyekundu inayokwaruza,
nikakata nusu. Nikairudisha. Nikaikata.
Pembeni nikaandika: "Kazi safi. Lakini kuna mtu anasubiri, mdomo wazi."
Hataelewa. Atakuja kuniuliza,
na hilo ndilo nitakalo.

Juu kabisa nikaweka 16½, nikapigia mstari,
nikavuta karatasi inayofuata,
kisha nikairudia ile yake, haraka, kama mwizi,
nikaongeza: kati ya ishirini.