Hesabu ya Novemba

Yuro kumi na moja na senti arobaini.
Nimezihesabu mara mbili kwenye meza ya jikoni,
mara ya tatu kwa sauti, ili paka awe shahidi.
Ndizo zilizoletwa na matangazo mwezi mzima
katika gazeti langu la kurasa nne
linalosomwa na kisiwa chote isipokuwa Aadu,
ambaye hulisoma vilevile, ila hakubali.

Wino peke yake yuro tisa.
Karatasi nakopa.
Feri inayoleta karatasi haikopeshi.

Nilianza na lawama, desturi ya mwenye hasara.
Nikalaumu giza linalotua saa kumi kasoro,
nikalaumu wasomaji, mabahili hawa
wanaopokezana nakala moja nyumba nane
mpaka herufi zinafifia kwa mafuta ya samaki.
Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo,
lakini changu kilikuwa na tundu.

Jana usiku nikashika kalamu nyekundu
nikalisoma gazeti langu kama mdai.
Ukurasa wa kwanza: krimu ya kujikinga na jua. Novemba!
Ubavuni, benki ya Tallinn
inajisifia tawi ambalo hapa hatuna.
Ukurasa wa pili, buriani ya Heino
(siku tatu niliiandika, kila neno nikilipima)
imepasuliwa katikati na kiti cha masaji:
"Pumzika, unastahili."
Mjane wake, Milvi, hakuniambia kitu.
Alinirudishia tu gazeti, limekunjwa vizuri,
vizuri mno.

Wakala wa mjini hunitumia visanduku kwa bahasha,
hunilipa kwa kila kuponi inayomrudia.
Zilirudi sita.
Nami kila pato liliposhuka niliongeza kisanduku,
na macho ya watu yakajifunza kuviruka
kama miguu inavyojifunza ngazi iliyooza.

Asubuhi nikaenda kwa Aivo, muuza majiko.
"Mimi nitangaze nini? Kila mtu ananijua."
"Wanajua upo. Wanajua unazibua dohani?"
Akanyamaza mpaka birika likachemka.
"Nazibua tangu mwaka wa tisini na sita."
Miaka yote hiyo, na mimi jirani yake nikikohoa.

Nikaketi palepale, juu ya ndoo ya misumari, nikamwandikia:

*Moshi ukirudi ndani, macho yakatiririka,*
*Si upepo wa angani, dohani imezibika,*
*Aivo yuko dukani, na fagio ameshika,*
*Mwite kabla ya jioni, theluji haijafika.*

Si beti la kushindania tuzo.
Nililiweka chini ya hali ya hewa,
pale kidole gumba kinaposhika ukurasa.
Krimu nikaitoa, benki nikaitoa,
kiti cha masaji nikakitoa kwa furaha ya pekee,
na buriani ya Heino nikaichapa upya, nzima,
ikiwa na weupe pembeni, ipate pa kupumulia.

Aivo alilipa yuro ishirini na mzigo wa kuni za msonobari.
Aliitwa na nyumba kumi na moja.
Ya tisa ilikuwa ya Aadu,
aliyeapa kwamba habari kaisikia hewani.
Kisha mwoka mikate akaja, mikono ina unga,
anataka beti na yeye, lenye vina vya siagi.

Desemba: yuro arobaini na tatu.
Deni la karatasi ni sitini.
Sijapona; nimejua tu panapouma.

Jana Milvi alibisha hodi na sarafu mbili kiganjani.
Nikamwambia kwako ni bure. Akakataa.
Tangazo lake nimelichapa kama alivyolitamka:
"Kodiani ya Heino haiuzwi.
Anayeweza kuipiga aje kuiazima."

Hilo pia nimeliingiza kwenye hesabu. Yuro mbili.
Nimezihesabu mara moja tu.