Kilo Tatu za Maji

Kwetu Pongwe korona ilikuwa mashine
kabla haijawa ugonjwa:
ilitafuna jani la mkonge, ikatema singa,
nami, Mwanaiba Kupaza, shahada ya uhasibu ukutani,
nilikaa kwenye mizani miaka kumi na minne
nikiandika jasho la watu kwa kilo.
Kalamu ikiteleza, nilifuta.

Sasa nina thelathini na tisa
na sare nyeupe inayonibana kwapani.
Mafunzo ya miaka minne wameyakunja yakawa miwili,
kama shuka la wodini, pembe kwa pembe,
na sisi tumo ndani ya mkunjo:
aliyekuwa afisa wa benki, mwalimu wa jiografia,
fundi umeme wa bandarini
(huyu ndiye aliyezirai wa kwanza).
"Kusoma mnajua," alisema Mwalimu Hiza siku ya kwanza.
"Mengine sahauni."

Nilizoea tani.
Hapa nukta ya desimali ikihama hatua moja kulia,
mtu anahama dunia.

Jioni, Makorora, nikikuna nazi,
Zawena wangu wa darasa la sita
ananihoji na vijikaratasi mkononi:
vyumba vya moyo, mapigo ya mtoto mchanga.
Nikikosea ananirudishia sauti ileile
niliyomfundishia tebo ya saba.
Msimamizi wangu wodini ana miaka ishirini na mitatu.
Huniita mama, kisha hunikaripia.

Usiku wa Jumanne, wodi ya wanaume, kitanda cha kumi na moja:
mzee wa figo, miguu imevimba,
ukibonyeza, shimo linabaki.
Uso sikuujua. Nilivijua viganja,
makovu ya miba, na kidole cha shahada
kilichoishia kwenye kifundo.
Namba sabini na mbili.
Jina lake sikuwahi kuliandika; faili ndilo lililonitajia:
Athumani Sekiondo.

"Karani," akasema, "leo wanipima nini?"
"Mkojo, mzee."
Akacheka mpaka kitanda kikalia.

Kule Pongwe, kila mzigo wa singa ulikatwa
kilo tatu za maji.
Amri ya meneja. Masika, kiangazi,
singa kavu hata ya kukatikia mkononi: tatu.
Mimi sikuamuru. Mimi niliandika tu,
kwa mwandiko mzuri.

Nikainua chupa hadi usawa wa jicho,
chini ya taa inayopepesa:
mililita mia nne na ishirini.
"Usinikate," akasema, macho kayafumba,
sijui kwa mzaha, sijui kwa deni.
Nikaandika 420. Nikatoka, nikarudi, nikapima tena.
420.
Nilitaka kusema neno.
Muhula huu tumefundishwa kumwambia mtu
kwamba mguu wake utakatwa,
kumwambia mama kwamba mtoto hakulia.
Hili halikuwamo.

Alfajiri msimamizi akapitia chati.
"Mama, saini yako haisomeki."
Nikaiandika upya, herufi moja moja, kama mtoto.
Saa mbili nina mtihani wa hesabu za dawa,
viatu vimelowa, sitaki kujua na nini,
na chai ya asubuhi imeingia kwa kelele za toroli.

Mzee Athumani akanywa kikombe chake, akakinyoosha tena.
Juu ya kitanda, kwa wino mwekundu, daktari ameandika
kiasi cha maji cha siku nzima,
na kikombe kile kimekwisha kula robo.

"Hapana, mzee," nikasema. "Basi."

Akakitazama kikombe.
Kisha akanitazama mimi,
kwa muda mrefu,
kama mtu anayesubiri mshale wa mizani utulie.