Kigoda cha Pili

Miaka sita nimetia saini mshahara wa Bihoma,
sikukosea hata senti.
Ghala la mkonge, Pongwe, zamu ya usiku:
jina moja daftarini, mizani moja, kigoda kimoja.

Jumanne nilirudi kufuata funguo
nikamsikia anaongea.
"Wewe leo umeshiba," analiambia robota,
"mwenzako kapungua kilo mbili. Anaumwa?"

Sikucheka. Nilisimama nje,
vumbi la singa likiniwasha shingo,
nikaikumbuka fomu yake ya mwaka juzi.
Sababu ya likizo: msiba.
Nami chini yake: siku tatu.
Sikuuliza wa nani.

Mhasibu akasema watu wawili zamu moja ni hasara.
Ni hasara kweli, hesabu nimeipiga mwenyewe.
Sasa Shekiondo anasoma kilo, Bihoma anaandika,
wanagombana kuhusu bada, nani kaikoroga ikawa na madonge,
na marobota, maskini,
hayana tena wa kuyajulia hali.

Jana wakaniita: "Bosi, karibu."
Kigoda cha tatu hakuna, nikakaa juu ya robota.
"Bihoma," nikasema, "ule msiba,
ulikuwa wa nani?"

Akanisogezea bakuli kwanza.