Ukurasa wa Arobaini na Moja

Alhamisi, mizani ikishafungwa kufuli,
tunakaa juu ya magunia matupu ya chama cha msingi,
hapa Newala, ukungu ukipanda kutoka bonde la Ruvuma
na kuingia ghalani bila hodi.

Kitabu ni kimoja, nacho ni fotokopi.
Mwalimu Chilumba alikitoa Mtwara mjini,
akakigawa vipande saba kwa kisu cha jikoni
ili kila nyumba ilale na sura yake.
Changu kina doa la salfa. Cha Somoe kinanuka dagaa.

Watu hutuuliza: posho ipo?
Haipo.
Sasa mnapata nini?
Nankondo hujibu: tunapata cha kubishania.

Tunasoma polepole. Sentensi moja
inaweza kumaliza chaji ya taa.
“Dhuluma ya kimfumo,” Nankondo alisoma, akasimama,
akarudia kama anayeonja mboga asiyejua imekosa nini.
Jioni nzima tuliitafuta maana.
Binasa ndiye aliyeipata, kwenye ndoo:
maji ya kununua huku juu, mwaka hadi mwaka,
na bomba linapita mbele ya mlango wake
likienda kwa wengine.
“Hakuna aliyepanga,” alisema. “Lakini imepangika.”
Mwalimu akaichukua chaki akaiandika ukutani,
*imepangika*,
na mpaka leo hakuna aliyeifuta.

Sura ya tano ni ya deni. Ilikuwa zamu yangu.
Mwandishi anasema deni ni udugu
uliovuliwa nguo zote ukabaki tarakimu.
Somoe akacheka kwa pua.
“Huyu hajawahi kuuza korosho zikiwa bado maua.”

Wote wakatazama magunia.

Maana maua yale niliyanunua mimi.
Kangomba, mwaka mumewe alipolazwa Ndanda:
kipimo cha bakuli, bei ya mwenye shida,
na msimu ulipofika nikaenda na baiskeli
kuchukua changu.

Nilitaka kuruka mstari. Nikafunua:
arobaini, kisha arobaini na tano.
Kurasa nne hazipo. Mashine ilizila,
au hela ya Mwalimu iliishia hapo.

“Basi tuziandike,” Somoe akasema.
Akanisogezea daftari la mizani, upande wa nyuma.
“Anza wewe. Wewe unalijua deni kwa upande ule.”

Mkono uliozoea kilo na majina ya watu
ukaandika mistari mitatu, ukafuta neno moja.
Wa pili waliukata, kwa kelele.
Binasa akatia neno la Kimakonde, tukaliacha lilivyo
kwa kuwa Kiswahili chake hatukukipata.

Bei haijapanda. Bomba bado linapita.
Msamaha sikupewa, wala sikuuomba;
hauna ukurasa wake bado.

Ila mlangoni, akijifunga kanga kichwani kwa ajili ya baridi,
Somoe aliniambia bila kugeuka:
“Alhamisi uwahi.
Tutaanzia kwenye lile neno ulilolifuta.”