Namba Sita Ndani ya Friza

Barua ilifika Jumanne, theluji ikiwa magotini,
ikinidai dola elfu kumi na moja
za pikipiki nyekundu niliyoinunua Tucson.

Tucson sijapata kuikanyaga.
Nina miaka sabini na miwili na goti la chuma,
na chombo cha mwisho nilichokiendesha kwa raha
ni basi la shule, la njano, miaka thelathini na mmoja
humu humu Hibbing, bila kugonga hata mbwa.

Dawa ya deni kulipa, sawa.
Na deni la mwenye jina langu asiye mimi,
dawa yake nini?

“Gandisha,” akasema Kaisa, binti wa jirani,
viatu vyake vikichuruzika maji jikoni kwangu.
Ziko kampuni tatu, akasema, zinazoijua
kila senti uliyowahi kukopa.
Waambie wafunge. Asikopeshwe mtu kwa jina lako,
hata wewe ukibisha hodi.

Gandisha! Neno la kuniambia mimi hilo,
niliyelelewa kando ya ziwa linalogeuka sakafu kabla ya Krismasi.
Barafu naijua: ikifika unene wa kiganja, pita kwa miguu;
shubiri moja na nusu, pita na gari, madirisha wazi.
Kumbe na jina nalo hugandishwa.

Nikapiga simu. Mashine ikauliza
ni ipi kati ya barabara hizi nimewahi kuishi.
Ya pili. Chumba cha juu, na Toivo,
mwaka ule tulipolala na makoti
na asubuhi masharubu yake yana chembe za barafu.
Mashine haikuyataka hayo.
Bonyeza mbili, ilisema.
Nikaitafuta mbili, siioni vizuri.

Usiku nikamuwaza yule Verna Kangas mwingine,
wa jua, wa pikipiki, nywele nyuma zinapepea.
Mimi jina hili limeninunulia nini?
Tanuri. Paa. Jeneza moja, kwa awamu ishirini na nne.
Nikamwonea wivu, Mungu anisamehe,
kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa.
Kisha nikakumbuka kwamba analipa kwa pensheni yangu,
na kahawa ikaniwia chungu.

Asubuhi nikaifunga kampuni ya tatu.
Wakanipa tarakimu sita:
usizipoteze, bila hizi na wewe ni mgeni.
Nikaziandika nyuma ya risiti ya duka la nyuzi,
nikazitia kwenye mfuko, mfuko chini ya samaki,
samaki ndani ya friza.

Kaisa anasema hapo si mahali pa kuficha siri.
Mwanangu, nikamwambia,
mwizi gani atakuja Hibbing mwezi wa Januari
kutafuta baridi zaidi?