Funguo za Mazupe

Ingia, Agris, ufunge mlango nyuma yako;
nje ni nyuzi kumi na nane chini ya sifuri
na hawa wangu hawapendi upepo.
Usizibe pua. Baada ya wiki hutaisikia harufu,
na siku utakayoisikia tena
ujue pana kitu kimeharibika.

Huu ni wavu. Kila alfajiri unaukwangua kwa reki.
Humu nimeokota meno ya bandia ya marehemu Ojārs,
soksi, nepi, na pete moja ya ndoa
niliyompelekea mwenyewe. Akasema si yake.
Macho yake yakasema vingine.
Siri ya mtungi aijuaye kata:
kata ni mimi, na kuanzia Jumatatu ni wewe.
Kwa hiyo jifunze kusahau.

Hapa ndipo wanapoishi. Chungulia.
Uji wa kahawia unaochemka bila moto.
Huwaoni, lakini wenye kazi ni wao,
sisi ni wapagazi wa hewa tu.
Wanakula tulichokikataa,
wanakunywa tulichokionea haya,
na wakishiba huzama kwa uzito wao wenyewe,
juu yao maji yakabaki,
yametulia kama mtu aliyekwisha kulia.

Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Mimi nimeyazoa miaka thelathini na moja.
Skaidrīte, kwa lugha yetu, ni aliye angavu;
mama alilichagua kwa ajili ya macho yangu,
hakujua nitakwenda kulitumia wapi.

Sasa sikiliza, hili halimo kwenye kitabu cha mtambo.
Mtambo ulijengwa kwa watu mia tisa.
Juzi nimehesabu mabomba yanayotoa moshi:
sitini na manne.
Wengine wako Dublin, wanasuuza sahani za wageni,
na maji yao yanalisha vijidudu vya huko.
Nilijua kabla ya mwalimu mkuu kwamba shule itafungwa.
Saa nne, saa ya mapumziko,
maji yalikuwa yakija kwa kishindo;
mwaka ule yakaja kama mkojo wa kikongwe.

Na maji yakipungua, hawa hufa njaa.
Februari ya mwaka juzi uji ulipauka,
povu jeupe likapanda
kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.
Niliandika barua wilayani. Wakanijibu kwa fomu.
Basi nikaenda kwa Velta, mtengeneza jibini,
Velta ambaye hatusemezani
kwa ajili ya mpaka wa shamba la viazi.
Nilisimama mlangoni na ndoo mbili tupu.
Akazitazama ndoo. Akanitazama mimi.
"Za nani?"
"Za watoto," nikasema, sijui kwa nini.
Akazijaza maji ya jibini, bado ya moto,
asiulize tena.

Siku nane nilizivuta juu ya theluji.
Siku ya tisa rangi ilirudi,
kahawia ya mkate wetu mweusi,
nikakaa hapa, juu ya ngazi hii ya chuma,
nikala mkate kweli.
Velta hajanisalimu hadi leo.
Ila kila Ijumaa ndoo huwa nje ya mlango wake,
zimefunikwa kwa kitambaa safi.
Utazichukua wewe. Usimshukuru, utaharibu.

Hii chupa ilikuwa ya matango. Ichovye pale yanapotokea,
kisha uiweke mbele ya gazeti:
ukisoma majina ya waliofariki bila kukunja jicho,
fungua mlango wa mto.

Na pale mto haugandi, unaona?
Bata wote wa tarafa wamekuja kuota joto.
Watoto wawili waliobaki huwaletea makombo.
Wakikuuliza kwa nini hapo ni vuguvugu,
waambie. Mimi nilikuwa naona aibu.

Haya, shika. Ufunguo huu mkubwa hukwama;
uinue kidogo kwanza, ndipo uzungushe.